Sinia Lililolala Kasulu

Busunzu, Kibondo
2 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Nurudini Shamsi,

Amahoro. Nimekupigia simu mara tisa tangu Pasaka. Inaita, inaita, kisha yule dada wa mtandao ananisomea mambo yake. Ujumbe wa simu usinitumie. Kitochi changu kina herufi ndogo kama mayai ya chawa, na macho yangu unayajua. Kwa hiyo naandika barua, kama enzi za shule ya misheni, na namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi. Dukani kwako anapafahamu.

Nina shida mbili, ndogo na kubwa.

Ndogo ni hii. Sisi wazee kumi na mmoja wa hapa tumeanzisha kikundi cha kufuga nyuki. Jina nimelitoa mimi: Kikoa. Wenzangu wakalipenda kwa sababu halikufanana na Umoja wala Amani wala Nguvu Kazi, majina yaliyojaa wilaya nzima. Sasa afisa maendeleo ya jamii, binti mmoja makini anaitwa Nadine, amegoma kupeleka fomu mpaka tumwandikie neno limetoka wapi na maana yake nini. Kamusi yake inasema ni chakula cha watu wanaolishana kwa zamu, na yeye haoni nyuki wanaingiaje hapo. Nikamwambia asubiri, mwenye neno yuko Kasulu.

Maana ni wewe uliyetuletea. Pale soko la Mtendeli, kambi ikiwa imejaa Warundi, tulikula kikoa watu wanne kila Jumapili ya mwisho wa mwezi: wewe na chumvi na vitenge vyako, mimi na maharage yangu, Ndayiragije fundi cherehani, na mama Niyubahwe wa mikeka. Mwezi huu anapika huyu, mwezi ujao yule, na tukishakula, sinia linakwenda kulala kwa mwenye zamu inayofuata. Hatukuwa na katiba wala mhuri, na hakuna aliyewahi kuruka zamu yake.

Shida kubwa ndiyo hiyo sasa. Sinia lilikwenda kulala kwako. Kambi ikafungwa, Ndayiragije na mama Niyubahwe wakapanda magari ya kurudi Burundi na hatujasikia neno lao, wewe ukarudi Kasulu. Zamu yako haijaliwa mpaka leo. Nisingelisema, lakini Epifania wangu alifariki mwaka jana, ulikuja ukamzika, na tangu hapo nakula peke yangu. Ugali wa mtu mmoja haupikiki, Nurudini. Ukipika kidogo unaungua, ukipika wa kutosha unalala.

Nataka kula zamu yako. Taja siku, nije.

Wako,
Stanislaus Ndayisaba


Kasulu
9 Julai 2024

Kwa Mzee wa Maharage, Stanislaus wa Ndayisaba, mfalme wa Busunzu na nyuki wake wote,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ni nzito. Barua yako imefika. Kondakta kaileta mbele ya wateja, ikabidi niifungue kwa madaha, taratibu, kama mkuu wa mkoa anayefungua zahanati.

Kwanza habari ya simu. Simu nimeacha. Watu wakubwa hawapokei simu. Umewahi kusikia mfalme anasema haloo haloo, hunisikii, sogea kwenye kilima? Nami nimefikia cheo hicho. Halafu simu ni ya watu wenye haraka, na mimi tangu mwezi wa tatu sina haraka kabisa.

Sasa neno. Mwambie huyo binti Nadine akae vizuri kwenye kiti na kalamu iwe na wino. Hapo zamani pwani palikuwa na mpishi wa sultani, jina lake Kikoa, mtu mfupi kama kinu, lakini pilau lake likiiva majirani walikuwa wanasahau madeni yao. Sultani alikuwa anakula peke yake, meza ndefu kutoka hapa mpaka Kibondo. Siku moja akasema, Kikoa, chakula chako kimekosa ladha. Mpishi akasema, bwana wangu, chumvi iko sawa, ila leo upike wewe, nile mimi na mawaziri. Sultani akapika. Akaunguza wali mpaka sufuria likalia. Mawaziri wakala machozi yakiwatoka, na sultani akaona mara ya kwanza watu wanakula mbele yake, akafurahi, akatangaza kila mmoja apike siku yake. Ndiyo kikoa. Neno lina Kiarabu, lina Kireno kidogo, na mwishoni kuna Kihindi, kama pilau lenyewe. Mimi kwa macho yangu nimeliona limechongwa ukutani kule Muscat.

Najua unasema sijafika Muscat. Nimefika Dar es Salaam, na mtu niliyelala naye chumba kimoja gesti alikuwa ametoka Muscat. Tofauti ni nauli tu.

Nina elimu ya darasa la sita na nusu, Stanislaus, lakini nusu ile niliisoma vizuri.

Kuhusu zamu yangu, haijafutwa. Sinia lipo. Nimelitundika ukutani juu ya magunia ya chumvi na nalifuta vumbi kila Ijumaa. Lakini karamu ya Nurudini haikurupukiwi. Nataka mbuzi mweusi asiye na doa hata moja, mchele wa Kyela, samli ya ng'ombe wa kienyeji, na migebuka iliyovuliwa asubuhi hiyo hiyo Kigoma. Mambo hayo yana muda wake. Acha mvua zianze.

Usije kabla sijakuita.

Nyumbani kwangu kimya, sawa na duka langu mchana. Binti yangu Zuhra yuko Ujiji kwa mumewe, anakusalimu. Marehemu Epifania Mungu amlaze pema. Maharage yake ya nazi hayakuwa na mpinzani, na mimi ndiye niliyempa nazi.

Ni mimi,
Nurudini Shamsi, mfanyabiashara wa kimataifa


Busunzu
20 Julai 2024

Ndugu yangu Nurudini,

Nadine ameisoma habari ya mpishi wako. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta machozi, kisha akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haikubaliki. Nimpelekee ya kweli.

Nami nilicheka. Niliisoma kwa sauti, nikajaribu kuiga sauti yako, haikuwezekana. Sauti ile haikuwa ya kuigwa. Siku ya zamu yako pale Mtendeli mlinzi wa geti alikuwa anarekebisha saa yake ukianza kukaribisha. Karibuni, zamu ni yangu, na mwenye aibu atakufa na njaa. Mpaka upande wa pili wa bonde watu walikuwa wanajua kwamba leo Nurudini kapika. Na ole wake aliyeingiza mkono kabla. Unakumbuka Ndayiragije alivyodokoa nyama, ukamrudisha kunawa upya kama mtoto? Ukasema sheria ya kikoa ni moja: mkono hauingii siniani mpaka mwenye zamu akaribishe kwa kinywa chake. Tangu siku hiyo wote tuliishika, hata mama Niyubahwe ambaye sauti yake ilikuwa kama ya kifaranga.

Nikueleze kwa nini nililing'ang'ania jina lile. Kwetu wazazi wangu waliotoka Burundi walisema gusangira, yaani kula pamoja na mtu. Ni neno zuri, nimekua nalo. Lakini gusangira inamalizika mkinawa. Haisemi kesho ni kwa nani. Neno lako lilikuwa linaniambia mwezi ujao naenda wapi.

Siku hizi nakula nimesimama, jikoni, kama mtu anayesubiri basi. Juzi jirani aliingia kuazima jembe akanikuta hivyo, akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikasema shambani. Nilikuwa siendi popote.

Kwa hiyo mbuzi mweusi sitaki, na migebuka uiache ziwani. Nipe ugali na chumvi, ila uwe kwenye sinia lile. Mvua ziko mbali. Mimi napendekeza Jumamosi tarehe kumi mwezi wa nane.

Nakutumia chupa mbili za asali yetu ya kwanza. Chupa tumeazima, zirudi.

Wako,
Stanislaus


Kasulu
28 Julai 2024

Kwa Stanislaus, mwenye haraka ya bwana harusi,

Asali nimeilamba. Nimewahi kulamba asali ya Tabora, na nyingine ya mtu aliyedai imetoka Yemen, na yako imezishinda zote mbili. Imeshuka yenyewe, haikuhitaji kusukumwa.

Huyo Nadine ni msomi, na wasomi hawapendi masultani. Basi mpe hii, ni ya kisayansi. Koa ni ile bangili ya chuma inayofungwa kwenye ala ya kisu ili isipasuke. Bangili ndogo ni nini? Kikoa. Watu wakikaa kulizunguka sinia wamefanya nini? Wamefanya bangili. Akitoka mmoja, ala inapasuka. Umeona? Hata mimi nilipoiandika nilitikisa kichwa kwa heshima yangu mwenyewe. Akikataa na hii, mwambie aje Kasulu tubishane, nitampa soda.

Tarehe kumi sitakuwepo. Nasafiri kwenda Kigoma kufuata mzigo, na kutoka pale pengine nitaunganisha Bujumbura, kuna Wahindi wananisubiri. Ndiyo maisha ya biashara, leo hapa kesho pale. Usisumbuke kuja, utakuta mlango.

Duka linaendelea, ila wateja wamepungua. Nimegundua jambo moja uzeeni: watu walikuwa wanakuja kwa maneno, chumvi wakichukua kwa adabu tu.

Hivi, Stanislaus, ile sheria ya kukaribisha kwa kinywa, unadhani ilikuwa ya lazima sana? Nauliza tu, kwa ajili ya fomu ya Nadine.

Ni mimi, niko njiani,
Nurudini Shamsi


Busunzu
12 Agosti 2024

Nurudini,

Nilikuja Jumamosi. Kikundi kilinituma Kasulu kununua chupa, nikasema kwa kuwa hayupo, nipite tu nimwachie jirani salamu. Yule Asmahani anayekaanga maandazi barazani kwako akaniambia mzee amesafiri. Alisema huku anatazama mafuta.

Nikachungulia dukani. Ulikuwa umeketi nyuma ya magunia, skafu shingoni kwenye joto lile, sinia liko ukutani juu ya kichwa chako. Tukatazamana. Nikakuita kwa jina lako mara mbili. Ukatazama sakafu.

Sikuingia. Nilikaa stendi na chupa zangu mpaka basi la kurudi.

Kama Epifania angekuwepo angesema ana sababu zake. Hayupo, na mimi sina wa kunitafutia sababu za watu. Kama mzee mwenye nyuki siku hizi hakufai kukaa naye, ungesema mapema, nisingekusumbua na barua. Pale Mtendeli tulikubaliana kwamba asiyetaka tena kula na wenzake hurudisha sinia, asiachie watu matumaini. Lirudishe. Lipakie basi la Jumatano, mwambie kondakta ni la Busunzu, nitalipokea barabarani.

Kwenye fomu nitaandika jina lingine. Nguvu Kazi si jina baya.

Stanislaus Ndayisaba


Kasulu
17 Agosti 2024

Stanislaus ndugu yangu,

Leo sina cheo cha kukupa wala cha kujipa.

Sikusafiri. Kigoma sijafika tangu mwaka jana na hakuna Mhindi anayenijua Bujumbura. Nilikuwepo, nilikuona, na ulipoita jina langu nilifungua mdomo kukuitikia. Usingesikia kitu hata ungekuwa umekaa mapajani kwangu.

Mwezi wa pili sauti ilianza kukwaruza. Nikasema ni vumbi la chumvi. Mwezi wa tatu Zuhra akanipeleka hospitali kubwa kule Mwanza, wakakuta uvimbe kwenye kisanduku cha sauti. Daktari, kijana mwenye mikono safi sana, akaniambia, mzee, chagua: sauti au wewe. Nikamwuliza, kwani kuna tofauti? Huo ndio ulikuwa mzaha wangu wa mwisho kuusema kwa mdomo, na hakucheka.

Wakakitoa. Sasa napumulia tundu lililoko shingoni, ndiyo hiyo skafu. Nikijaribu kusema unatoka upepo. Uvimbe wanasema umekwisha, narudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Simu ikiita naitazama mpaka ichoke. Niliona jina lako mara zote tisa.

Utasema, kwa nini hukuniambia. Nakwambia sasa. Mji mzima wa Kasulu unajua. Wanaingia dukani, wananionyesha kidole kimoja au viwili vya kilo za chumvi, kana kwamba na masikio yalikatwa, wananitazama kwa huruma, wanatoka. Mimi, ambaye watu walikuwa wananiomba ninyamaze kidogo wahesabu chenji. Ndipo ikaja barua yako. Nikakaa kukujibu usiku mmoja na asubuhi mbili, nikacheka peke yangu bila sauti, na nilipoweka kalamu chini nikagundua jambo: kumbe pamebaki mahali pamoja duniani ambapo Nurudini bado anaongea. Ni Busunzu, kwako. Ungekuja, ungeufunga mdomo ule pia.

Tena kuna habari ya kula. Nakula nimegeukia ukuta. Ni vitu laini, taratibu, na wakati mwingine nakohoa na kikohozi kinatokea shingoni, si jambo la kumwonyesha mgeni. Siku nyingi nimelitazama sinia nikasema haya, literemshe, pika, mwite mzee wa watu. Halafu nakumbuka. Tutakaa, mikono tumenawa, chakula kinafuka, na mwenye zamu hawezi kukaribisha. Sheria niliitunga mwenyewe ili nimtanie Ndayiragije, ikaja kunifunga mimi.

Nilitii barua yako. Jumatano nililivisha sinia gunia nikalipeleka stendi. Kondakta akauliza, baba, linakwenda wapi? Nikanyoosha mkono kuelekea barabara ya kwenu. Akasema, hiyo barabara inafika mpaka Bukoba, mzee, literemke wapi? Watu wakacheka, si kwa ubaya. Kalamu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Nikalibeba kichwani nikarudi nalo nyumbani, na jua likiliwakia mpaka watoto wa shule wakaziba macho.

Kwa hiyo barua hii inakuja peke yake. Na ule ukweli wa neno, mpe Nadine huu. Sijui lilikotoka. Sultani ni wangu, bangili ni yangu. Ninalolijua ni hili. Bibi yangu, mama yake baba, aliletwa Ujiji kutoka pwani akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba. Hakumjua mtu. Lugha ya sokoni hakuielewa vizuri, babu alikuwa safarini miezi kwa miezi, na nyumba za jirani zilikuwa na milango iliyofungwa. Siku moja akapika, akajaza sinia, akawapelekea wanawake watatu wa mtaani, akala nao, akaondoka bila sinia lake. Aliliacha makusudi. Yule wa kwanza akaona aibu kulirudisha tupu. Ikawa zamu. Tukimwuliza bibi maana ya kikoa hakuwa anaeleza, alikuwa anauliza tu leo sinia liko kwa nani. Miaka yote nilidhani ni habari ya chakula. Sasa nakaa humu ndani na nadhani yule bibi harusi alitaka tu kuwe na mtu mwenye sababu ya kubisha hodi.

Jina lenu msibadilishe.

Nisamehe sakafu niliyoitazama.

Nurudini


Busunzu
24 Agosti 2024

Ndugu yangu Nurudini,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili hasira ilikuwa imetoka nje imeniacha na karatasi.

Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Nilimwita mtu, nikamwona kwa macho, nikasema hakuitika kwa kuwa sikusikia. Na mimi ni nani wa kufanya kosa hilo? Epifania wiki zake tatu za mwisho hakutamka neno. Nilikuwa namlisha uji wa ulezi kwa kijiko, anakohoa, namfuta, naendelea kumsimulia habari za mbuzi wa jirani. Alikuwa anajibu kwa nyusi. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba mtu asiyesema hajaenda popote. Aliyeenda namjua alivyo, nalala na nafasi yake kila siku.

Kuhusu sheria yako. Nadine ametufundisha kwamba katiba ya kikundi hubadilishwa na theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria. Kikoa chetu kilikuwa na wanne. Wawili hatujui walipo, Mungu awatunze. Tumebaki wawili. Mimi nimeshanyoosha mkono. Imebaki kura yako.

Nakuja Jumapili ijayo, tarehe mosi, kwa basi la asubuhi. Usiniambie safari ya Bujumbura. Pika kinachoshuka. Mimi mwenyewe magego yangu hayapo, tusidanganyane, ile nyama ya zamu yako ya mwisho niliificha chini ya mkeka wa mama Niyubahwe. Skafu uivae au usiivae, hilo ni juu yako na hali ya hewa.

Nadine amepokea maneno ya bibi yako. Aliyasoma, hakupiga mstari popote. Kisha akaniuliza kama nina watoto, nikamwambia hatukujaliwa, akaniuliza siku za Jumapili huwa nafanya nini. Fomu imekwenda.

Nitabisha hodi. Usifanye wasiwasi wa kuitika. Nitaingia.

Wako,
Stanislaus


Kasulu, kwenye mkeka, upande wa ukutani
Jumapili, 1 Septemba 2024, saa saba mchana

Kwa mgeni wangu Stanislaus Ndayisaba, aliyekaa mbele yangu anajifanya anatazama magunia ya chumvi,

Barua hii haina kondakta. Inavuka sinia tu, na hiyo ndiyo safari fupi kuliko zote nilizowahi kujisifia.

Hili ni bokoboko la bibi yangu. Ngano na nyama ya mbuzi, limepondwa tangu alfajiri mpaka nyama imesahau kama iliwahi kuwa na mifupa. Asmahani alinisaidia kuponda, mimi mkono wangu wa kujivuna umedhoofu. Mbuzi hakuwa mweusi. Alikuwa na doa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Asali yenu iko kwenye kibakuli, samli ni ya kienyeji kweli, hapo sikudanganya.

Pande mbili za sinia, ule wa mlangoni na ule wa dirishani, nimezipaka samli vilevile. Sikuweza kuziacha kavu.

Kura yangu ni ndiyo. Nimenyoosha mkono, umeuona, ukadhani naomba chumvi.

Nikikohoa, tazama mlango.

Haya. Karibu, zamu ni yangu, na mwenye aibu atakufa na njaa.

Nurudini Shamsi, mwenye zamu


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo
Siku hiyo hiyo, wewe ukiwa uani unanawa

Nurudini,

Ningeweza kukwambia kwa mdomo ukirudi, lakini leo nyumba hii ina lugha yake na mimi ni mgeni.

Nilipoyasoma yale maneno ya kukaribisha kwa sauti, ulitikisa kichwa kwamba nimekosea mwendo. Nikayarudia. Ukatikisa tena. Mara ya tatu niliyapigia kelele mpaka Asmahani akaacha maandazi akaja kuchungulia, ndipo ukaniruhusu niingize mkono. Hujabadilika.

Umekohoa mara nne. Bawaba ya chini ya mlango wako imeoza, itafutie fundi.

Upande wa dirishani umeumaliza wewe kwa niaba ya Ndayiragije, wa mlangoni nimeumaliza mimi kwa mama Niyubahwe. Tumekula taratibu mno, na wao hawakuja. Lilipofika tonge la mwisho la upande ule sikutaka kulila, nawe uliona, ukanisogezea asali.

Sinia naondoka nalo. Nimelivika gunia lile lile. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ni zamu yangu, Busunzu. Kondakta nimeshaongea naye asubuhi nikija: mzee mwenye skafu akinyoosha mkono kuelekea barabara ya kwetu, asimwulize kitu. Anashukia kwangu.

Stanislaus